Mkojo wa Rangi ya Chai: Siku Sita Katika Kambi ya Washindani wa Mazoezi Mseto

Mchezo huu bado haujapata jina moja la Kiswahili linalokubalika kwa wote. Wenyewe huuita CrossFit, kwa jina la kampuni iliyoueneza, na wengine husema tu mazoezi mseto. Ndani yake mna kunyanyua vyuma, kukimbia, kujivuta kwenye bomba, kupanda kamba, kurukia masanduku, kupiga makasia kwenye mashine na hata kuogelea. Mambo ambayo zamani kila moja lilikuwa na wenyewe. Mshindani hajui mapema atakabidhiwa lipi. Huenda akaambiwa usiku wa kuamkia shindano, au asubuhi hiyohiyo, kisha hushindana na saa.

Chimbuko lake ni California, Marekani. Greg Glassman, aliyekuwa mwanasarakasi wa viungo katika ujana wake, aliwafundisha watu mazoezi ya namna hii katika mji wa Santa Cruz, na kampuni ikaanzishwa mwaka 2000. Mashindano makuu ya kwanza yalifanyika mwaka 2007 kwenye shamba la mifugo huko Aromas, mbele ya watazamaji wachache. Kufikia mwaka 2010 yalikuwa yamehamia uwanja mkubwa wa Carson, karibu na Los Angeles. Leo jimu za aina hii zipo Dar es Salaam, Nairobi na miji mingine ya ukanda wetu, na vijana wanaozihudhuria si tena watu wa kupunguza kitambi. Wanashindana.

Mwezi Februari niliombwa kuwa daktari wa kambi yao ya siku sita iliyofanyika Bagamoyo. Walikuwa wanamichezo 22, wanaume kwa wanawake, kutoka Dar es Salaam, Arusha, Nairobi na Kampala. Mimi ni bingwa wa magonjwa ya ndani, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni wagonjwa wa figo. Sikuwahi kunyanyua chuma chochote cha mashindano. Hata hivyo niliona sababu ya kwenda. Wapo wagonjwa wa figo wanaofikishwa kwetu wakiwa vijana, wenye misuli ya kuonewa wivu, bila kisukari wala shinikizo la damu, na ukidodosa unakuta kwamba siku tatu nyuma walifanya zoezi ambalo mwili wao haukuwa umelizoea.

Jioni ya kuwasili niliwauliza wote maswali matatu. Je, unajua kama umebeba kinasaba cha selimundu? Umekunywa dawa gani wiki hii, zikiwamo za kununua dukani bila cheti? Na mara ya mwisho kufanya mazoezi mazito ilikuwa lini? Kuhusu selimundu, waliojua hali yao walikuwa watatu tu. Kuhusu dawa, wengi walicheka kwanza. Baadaye ikabainika kwamba tisa walikuwa na vidonge vya diklofenaki au ibuprofeni mfukoni, kama mtu anavyobeba leso. Swali la tatu ndilo lililonipa mashaka zaidi. Sita walikuwa wamepumzika kwa zaidi ya mwezi mmoja. Mmoja wao, mhasibu wa miaka 26, alikuwa amefungia hesabu za mwisho wa mwaka ofisini kwao, na kwa wiki sita hakugusa chuma. Alisema amekuja kulipa deni.

Asubuhi iliyofuata ubao wa kocha ulikuwa tayari umejaa. Kulikuwa na kukimbia, kuna kuchuchumaa na chuma begani, na katikati yake zoezi moja lililonisimamisha: kujivuta mara 100, kila mara mtu apande kwa kuruka na ashuke taratibu kwa kuhesabu hadi tano. Nilimwambia kocha kwamba kwa waliopumzika idadi hiyo ni kubwa mno. Alinisikiliza kwa adabu, akakubali kuhamishia mbio alfajiri kabla jua halijakolea, akaongeza muda wa kupumzika kivulini. Kuhusu kujivuta alipunguza kwa wanaoanza tu. "Hawa wengine ni watu wazima wa mchezo, Daktari," alisema. "Mikono yao naijua." Na ni kweli aliijua, mwenyewe alifanya zoezi lote pamoja nao, akamaliza wa tatu.

Hapa yafaa kueleza kwa nini kushuka kulinitia wasiwasi kuliko kupanda. Msuli hufanya kazi kwa njia mbili kubwa. Unapoinua ndoo, msuli wa mkono hujikunja na kufupika. Unapoishusha taratibu, msuli uleule huendelea kukaza huku ukirefushwa na uzito. Kazi hii ya pili haichoshi pumzi, lakini ndiyo inayoraruaraua nyuzi ndogondogo za msuli. Waliowahi kupanda Mlima Kilimanjaro wanalijua jambo hili hata kama hawalijui jina lake: kifua huuma wakati wa kupanda, ila mapaja hukataa kazi siku mbili baada ya kushuka. Wapagazi wanaoshuka njia hiyohiyo na mzigo kichwani hawaumwi, kwa kuwa wameshuka mara nyingi. Msuli uliokwisha kupewa dozi ndogo ya kazi hiyo hujikinga kwa wiki kadhaa dhidi ya dozi kubwa. Lakini kinga hiyo huisha, na nguvu haiishi kwa kasi ileile. Mtu aliyepumzika wiki sita bado ana moyo, mapafu na ari ya kumaliza mara 100. Kinachokosekana ni ngao ya msuli wenyewe. Mgeni wa mazoezi angeshindwa kwenye ishirini na kuokolewa na udhaifu wake.

Mfano unaojulikana sana ni wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani. Mwezi Januari 2011 wachezaji wa futiboli ya Kimarekani walirejea kutoka mapumziko ya wiki tatu hivi. Katika moja ya mazoezi yao ya kwanza walitakiwa kuchuchumaa na chuma begani mara 100, kwa nusu ya uzito ambao kila mmoja angeweza kuuinua mara moja, huku muda ukipimwa. Wachezaji 13 walilazwa hospitalini kwa ugonjwa mmoja. Hao walikuwa vijana wenye madaktari, wataalamu wa lishe na makocha wa kulipwa, wala hapakuwa na joto la kusingiziwa. Januari huko ni theluji.

Ugonjwa wenyewe huitwa rabdomaiolisisi, yaani kuvunjika kwa misuli. Seli za msuli zinapopasuka humwaga ndani ya damu vitu ambavyo vilipaswa kubaki ndani: madini ya potasiamu, kimeng'enya kiitwacho kreatini kinasi, na protini ya maiyoglobini ambayo kazi yake ni kuhifadhi oksijeni ndani ya msuli. Maiyoglobini ina madini ya chuma na rangi nyekundu ya kahawia. Ikifika kwenye figo kwa wingi, hasa kwa mtu aliyepungukiwa maji, huganda katika vijifereji vya figo na kuvidhuru. Waliotufundisha hili vizuri walikuwa Bywaters na Beall, madaktari wa London, walioandika mwaka 1941 kuhusu watu waliofukuliwa kutoka kwenye vifusi vya nyumba zilizopigwa mabomu. Watu hao walitolewa wakiwa hai, wakazungumza, wakaonekana kupata nafuu; siku chache baadaye figo zao zikasimama wakafariki. Miguu iliyobanwa na kifusi ndiyo iliyokuwa imemwaga sumu. Kwa figo, hakuna tofauti kubwa kati ya msuli uliovunjwa na ukuta na ule uliovunjwa na bomba la mazoezi.

Siku ya pili ilikuwa ya joto. Bagamoyo mwezi Februari hufika nyuzi 32 au 33 kivulini, na hewa imejaa unyevu kiasi kwamba jasho hutiririka bila kukauka. Na jasho lisilokauka halipozi mwili. Waliotoka Nairobi waliteseka kuliko wote. Mwili huhitaji siku 7 hadi 14 kuzoea joto la namna hii, na kambi nzima ilikuwa ya siku sita, maana yake waliondoka walipoanza kuzoea. Nilikuwa nimeagiza pipa kubwa la plastiki, likajazwa maji, na barafu tukainunua kwa wale wanaowauzia wavuvi pale soko la samaki. Baadhi ya wanamichezo walidhani ni la kulegeza misuli jioni. Nikawaeleza: mtu akianguka akiwa amechanganyikiwa, anaongea maneno yasiyoeleweka, na mwili wake ukiwa umepita nyuzi 40, anatumbukizwa humo hadi shingoni palepale, kichwa kikishikiliwa, kabla ya kuitwa gari. Kiharusi cha joto hupoozwa kwanza, kisha mgonjwa husafirishwa. Nusu saa ya kwanza ndiyo inayoamua, na nusu saa ndani ya gari kwenye foleni ya barabara ya Bagamoyo ni nusu saa iliyopotea.

Hofu hiyo si ya kubuni. Mwaka 2015, katika mashindano makuu pale Carson, washindani walipewa zoezi liitwalo Murph, lililopewa jina la ofisa wa jeshi la majini la Marekani aliyeuawa Afghanistan mwaka 2005. Mtu hukimbia maili moja, hujivuta mara 100, hupiga pushapu 200, huchuchumaa mara 300, kisha hukimbia maili nyingine, yote akiwa amevaa fulana ya uzito ya kilo 9 kwa wanaume na kilo 6 hivi kwa wanawake. Lilifanyika mchana, juani. Kara Webb wa Australia alianguka baada ya kumaliza. Annie Thorisdottir wa Iceland, aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka 2011 na 2012, alipatwa na kiharusi cha joto na hatimaye akajitoa kwenye mashindano. Bingwa wa dunia mara mbili si mtu asiyejua mwili wake.

Suala la maji nalo lilizua mabishano. Katika kambi ilikuwapo amri kwamba kila mtu anywe lita tano kwa siku, atake asitake, na chupa zilikaguliwa. Niliomba amri hiyo ifutwe. Anayekunywa kupita kiu kwa saa nyingi huweza kuzimua damu yake hadi sodiamu ikashuka, ubongo ukavimba, akapata degedege. Watafiti waliowapima wakimbiaji 488 wa marathoni ya Boston ya mwaka 2002 walikuta asilimia 13 walimaliza wakiwa na sodiamu ya chini, na dalili mojawapo ya walio hatarini ilikuwa kuongezeka uzito wakati wa mbio, jambo ambalo haliwezekani ila kwa kunywa kupita jasho. Kiu inatosha kuwa kipimo kwa mtu mzima mwenye afya, mradi maji yawe karibu na asizuiwe kunywa.

Asubuhi ya tatu, karibu saa moja, yule mhasibu alikuja nilipokuwa nimeketi na chai.

"Shikamoo Daktari."

"Marahaba. Mbona mikono umeikunja hivyo?"

"Haikunjuki." Alicheka kidogo. "Nimeshindwa hata kufunga kilemba. Nafikiri ni uchovu wa kawaida, ila nimeona bora nikuulize. Nimekojoa rangi siyo."

Nilimwonyesha kikombe changu cha chai ya rangi nikamuuliza kama inafanana na hiyo. Akasema ile yake imekolea zaidi.

Misuli ya juu ya mikono yake ilikuwa imevimba na kukaza. Kuigusa tu ilimfanya akunje uso. Homa hakuwa nayo. Jioni iliyotangulia alikuwa amekunywa vidonge viwili vya diklofenaki kwa ajili ya maumivu, na alfajiri akaongeza kimoja. Kijiti cha kupimia mkojo kilibadilika rangi mara moja upande wa damu, hadi kiwango cha juu kabisa. Tuliondoka naye dakika kumi baadaye.

Naomba wauguzi na matabibu wa zahanati na vituo vya afya wasome aya hii kwa utulivu, kwa kuwa kwao ndiko mgonjwa wa namna hii hufika kwanza. Kijana anakuja analalamika mwili mzima unauma, mkojo ni mweusi, pengine ana joto kidogo. Kwa mazoea yetu atapimwa malaria, na kipimo kikiwa hasi ataandikiwa dawa za U.T.I. Ila kijiti cha mkojo kinapoonyesha damu nyingi, na mkojo huohuo ukiwekwa chini ya hadubini hauonyeshi chembe nyekundu za damu, au unaonyesha chache tu, basi rangi ile haitokani na damu ya kawaida. Kijiti hakitofautishi himoglobini na maiyoglobini. Iwapo ni himoglobini, kama inavyotokea katika malaria kali inayopasua chembe za damu, majimaji yanayobaki juu damu inapotulia kwenye chupa huwa na rangi ya waridi. Iwapo ni maiyoglobini, huwa safi kwa kawaida. Mtego mwingine ni vipimo vya ini. Vimeng'enya vinavyoitwa vya ini, AST na ALT, vimo pia ndani ya misuli, na msuli ukivunjika hupanda vyote viwili, AST kwa kawaida ikipanda zaidi. Wapo vijana waliokwisha kuambiwa kwamba wana homa ya ini, wakaacha kula mafuta miezi miwili, kumbe ini lao halina neno. Swali moja tu lingetosha: siku tatu zilizopita ulifanya kazi au mazoezi gani?

Kuhusu dawa za maumivu sina lugha laini. Diklofenaki, ibuprofeni na jamii yake hupunguza damu inayoingia kwenye figo, hasa mtu anapokuwa amepungukiwa maji. Kumpa mtu ambaye maiyoglobini inamiminika kwenye figo zake ni kumfungia bomba wakati moto unawaka. Tena dawa hizo hupunguza maumivu yale yale ambayo yangemzuia kurudi kwenye bomba kesho yake. Mwenye maumivu baada ya mazoezi mazito na ambaye mkojo wake una rangi ya kawaida anaweza kutumia parasetamoli kwa kipimo chake. Ambaye mkojo wake umegeuka rangi hahitaji dawa ya maumivu, anahitaji hospitali.

Na madafu. Rafiki mmoja wa mgonjwa alikuja mbio na madafu mawili wakati tunaingia garini. Siku nyingine ningeyapokea kwa furaha. Lakini maji ya dafu yana potasiamu nyingi, na katika ugonjwa huu potasiamu iliyomwagika kutoka kwenye misuli tayari imo ndani ya damu ikingoja figo ziitoe. Ikizidi husimamisha moyo, na huua mapema kuliko figo zenyewe. Ndizi na maji ya machungwa ni vivyo hivyo. Tulimpa maji ya kawaida njiani, na hospitalini akawekewa dripu ya maji ya chumvi.

Kreatini kinasi yake ilikuwa zaidi ya 60,000. Kwa watu wengi wasiofanya mazoezi kiwango hiki huwa chini ya mia chache, ingawa kwa Waafrika huwa juu kidogo kuliko kwa Wazungu, na mwanamichezo mwenye afya anaweza kufika elfu kadhaa baada ya siku ngumu bila madhara yoyote. Ndiyo maana namba peke yake haimfanyi mtu mgonjwa. Rangi ya mkojo, uvimbe, potasiamu na hali ya figo husomwa pamoja. Kwake kreatinini ilikuwa imepanda, potasiamu ilikuwa juu kidogo, na kipimo cha umeme wa moyo kilikuwa salama. Alipewa maji kwa kasi, lengo likiwa mkojo usiopungua mililita 200 kwa saa, na mikono ikakaguliwa kila baada ya saa chache, kwa sababu msuli uliovimba ndani ya mfuko wake mgumu unaweza kujinyonga wenyewe na kuhitaji kupasuliwa. Siku ya pili mkojo ulianza kupauka. Siku ya tano aliruhusiwa kwenda nyumbani, figo zikiwa zimerudi kawaida, bila mashine ya kusafisha damu. Ameniruhusu nisimulie haya bila kumtaja.

Kambi ilishtuka. Jioni hiyo waliniita nizungumze, na swali lililoulizwa zaidi lilikuwa la selimundu. Nililifurahia. Katika maeneo mengi ya Tanzania, kati ya watu kumi, mmoja au wawili wamebeba kinasaba kimoja cha selimundu. Hawaumwi, na wengi hawajui. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulifuatilia karibu askari 48,000 weusi wa jeshi la Marekani ambao hali yao ya selimundu ilijulikana. Waliobeba kinasaba hicho hawakufa zaidi ya wenzao, jambo la faraja kubwa, lakini uwezekano wao wa kuvunjika misuli kwa mazoezi ulikuwa juu kwa asilimia 54. Vyuo vya Marekani viliamka mapema kidogo, baada ya Dale Lloyd, kijana wa miaka 19 aliyekuwa amebeba kinasaba hicho, kufariki mwaka 2006 kufuatia mazoezi ya mbio za kurudiarudia katika Chuo Kikuu cha Rice. Hapana sababu ya kumfukuza mchezoni aliyekibeba. Anahitaji kuanza polepole, kupumzika kati ya mizunguko, na kuruhusiwa kusimama bila kudhihakiwa. Ukiyatazama vizuri, hayo wote wanayahitaji.

Dhihaka ndiyo iliyonishughulisha zaidi kuliko vyuma. Katika miaka ya mwanzo ya mchezo huu Marekani kulikuwa na kikaragosi kilichoitwa Uncle Rhabdo: mchekeshaji wa sarakasi aliyechoka, kando ya mashine ya kusafisha damu, figo imeanguka sakafuni. Glassman mwenyewe aliandika waziwazi kuhusu ugonjwa huo mwaka 2005, na naamini picha ile iliwafundisha wengi jina ambalo madaktari tulilificha vitabuni. Hata hivyo mzaha una tabia ya kugeuka nishani. Nilimsikia kijana mmoja wa kambi akimwambia mwenzake kwamba kukojoa damu ni kuhitimu. Alinyamaza aliponiona. Mchezo wenyewe siuoni kuwa mwovu: utafiti wa mwaka 2013 ulikadiria majeraha 3 hivi kwa kila saa 1,000 za mazoezi, kiwango kisichozidi cha michezo mingine mingi tunayowahimiza watoto waicheze. Na wodi zetu zimejaa watu walioumizwa na kiti, si na chuma.

Siku ya tano ilikuwa ya kuogelea baharini. Wote walikuwa na habari ya Lazar Đukić, mshindani wa Serbia mwenye umri wa miaka 28, aliyezama tarehe 8 Agosti 2024 katika tukio la kwanza la mashindano makuu ya Fort Worth, Texas: kukimbia kilomita 5.6 kisha kuogelea mita 800 ziwani. Alikuwa muogeleaji mzuri, karibu na mwisho, mbele ya watu. Niliomba mambo matatu nikapewa yote. Kuogelea kuje kabla ya kukimbia, si baada. Ngalawa mbili za wavuvi wa palepale zikae ndani ya mstari, siyo ufukweni. Na awepo mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuhesabu vichwa tu, asiyepima muda, asiyepiga picha, asiyeshangilia. Kazi hiyo ilichukuliwa na mganda mmoja aliyeteguka kifundo cha mguu siku iliyotangulia, na aliifanya kwa ukali wa askari wa zamu.

Ubao wa siku ya sita ulikuwa na kujivuta mara 30, bila kushuka taratibu, na chini yake kocha alikuwa ameandika kwamba anayetaka kupunguza asiombe ruhusa. Watu wanane walipunguza.

Mhasibu alipumzika kabisa kwa wiki mbili. Kipimo cha selimundu kilionyesha kwamba hakubeba kinasaba. Kreatini kinasi iliposhuka ikakaribia kawaida alianza kutembea, kisha kukimbia polepole, kisha vyuma vyepesi, kila hatua ikifuatwa na kuangalia mkojo na maumivu kwa siku mbili tatu kabla ya kupanda ngazi nyingine. Bomba alilirudia mwezi wa tatu, kwa kujivuta mara tano.

Kocha naye alinipigia simu majuzi. Anaandaa kambi nyingine na alitaka kujua zinapouzwa zile chupa za vijiti 100 vya kupimia mkojo, na kama vikifunguliwa huharibika. Nilimwambia huharibika upesi kwa unyevunyevu wa pwani: kifuniko kifungwe mara tu kijiti kinapotolewa, chupa isiwekwe friji, na tarehe ya kufunguliwa iandikwe juu yake kwa kalamu isiyofutika.